Jina Jema Halipakwi Ukutani

Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya jina jema la kampuni kubwa za simu, na namna jina hilo linavyopatikana na linavyopotea. Huenda mtu akauliza: kurasa hizi ni za nyumba na malezi, je, jina la kampuni ya simu lina kazi gani humu? Twamjibu kuwa lina kazi kubwa. Fedha za nyumba zimo mikononi mwa kampuni hizo. Maneno ya mume na mke, na ya mzazi na mwanawe aliye mbali, hupita kwao. Mahari hutumwa kwa njia yao, mchango wa maziko hukusanywa kwa njia yao, na ada ya mtoto hulipwa kwa njia yao. Mtu aliyekabidhiwa vitu kama hivi huitwa mwenye amana, na mwenye amana haulizwi uzuri wa kanzu yake, huulizwa amana iko wapi.

Hapa petu Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, apitaye njiani ataona maduka yaliyopakwa rangi za kampuni: hili jekundu, lile la buluu, la tatu rangi ya chungwa. Redioni husikika nyimbo za kuzisifu, na mwezi wa Ramadhani picha za wakubwa wao wakigawa unga, sukari na tende hutolewa magazetini. Hayo si mabaya, na mwenye njaa aliyefuturu kwa tende hizo asikebehiwe. Lakini pamoja na rangi na nyimbo zote hizo, kaa barazani jioni usikilize watu wasemavyo juu ya kampuni za simu. Utasikia malalamiko mengi kuliko sifa. Basi yapasa tuulize: mtu mwenye mali nyingi namna hiyo, mbona hajaweza kununua jina jema? Wazee wetu walikwisha kutoa jibu zamani waliposema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwanza tuwe waadilifu, kwani asiyetaja jema la mtu hana haki ya kutaja baya lake. Kabla ya simu hizi, mtu wa Dar es Salaam aliyetaka kumpelekea mama yake fedha huku Morogoro alizitia katika bahasha akampa dereva wa basi au jirani asafiriye, kisha akaomba dua zifike. Pengine zilifika, pengine zilifika pungufu, na pengine jirani mwenyewe hakuonekana tena. Mwaka 2007 Safaricom ya Kenya ilianzisha M-Pesa, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Wakafuata wengine. Leo mkulima wa Mgeta aliyeshusha mboga zake mjini, au mwenye ndizi wa Kinole na Matombo, aweza kulipwa na mnunuzi wa Dar es Salaam asiyemwona kwa macho, na jioni ile ile akamtumia mwanawe aliye chuoni. Hii ni faida kubwa, nasi hatuikani.

Na kwa kuwa faida ni kubwa, hasara yake nayo ni kubwa. Duka la chumvi likikudanganya, utapoteza chumvi ya siku moja. Mwenye kushika fedha zako, maneno yako na alama za vidole vyako akikudanganya, hujui hata utakachopoteza.

Sasa tuitazame njia ambayo kampuni nyingi huikimbilia jina linapochafuka au biashara inapogeuka, nayo ni kubadili jina lenyewe. Wasomaji wetu wa makamo watakumbuka Mobitel, iliyoanza katika miaka ya 1990. Ikaitwa Buzz, kisha ikaitwa Tigo, na tangu Novemba 2024 yaitwa Yas. Watakumbuka vile vile Celtel, ambayo mwaka 2008 iliitwa Zain, na mwaka 2010 ikaitwa Airtel. Hatusemi kuwa majina hayo yote yalibadilishwa kwa kuficha aibu. Mara nyingi sababu ni kuuzwa: mwenye mali mpya huja na jina lake. Tigo nayo ilikuwa mali ya Millicom, na mwaka 2022 ikanunuliwa na kundi lililoongozwa na Axian ya Madagaska, kwa hiyo haikuwa ajabu jina la mwenye zamani kuondoka. Lakini mteja yu pale pale, laini yake ni ile ile, na suala lake la jana halikujibiwa kwa kuwa kibao kimebadilishwa. Mwanamke akibadili kanga, majirani huisifu kanga, ila deni lake dukani hubaki deni lake.

Ulimwenguni nako ni hivyo hivyo. Mwaka 2018 ilijulikana kuwa taarifa za watu wapatao milioni 87 waliotumia Facebook zilichukuliwa na kampuni ya Uingereza iitwayo Cambridge Analytica kwa kazi za siasa. Mwaka 2021 aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, Frances Haugen, alitoa nyaraka za ndani zilizoonyesha kuwa wakubwa wa kampuni waliyajua madhara kadhaa ambayo hawakuyatangaza. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo kampuni ikajipa jina la Meta. Je, masuala yalikwisha? La. Mwaka 2022 mtu aliyekuwa akifanya kazi Nairobi ya kuchuja picha na maneno maovu ya Facebook, chini ya kampuni ya Sama, alifungua kesi akilalamikia ujira na madhara ya kazi ile katika akili. Meta ilijitetea kuwa haina makazi Kenya, hivyo mahakama za huko hazina mamlaka juu yake. Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kuwa yaweza kushitakiwa huko. Hapa pana funzo: kampuni iliyo tayari kupata faida katika nchi, isiseme haimo nchini siku ya kuulizwa.

Basi kampuni ya simu ikitutaka shauri, sisi walimu wa vyuo vidogo huku mlimani, ifanye nini ili isemwe vizuri? Tungeipa mambo matano, na yote yamo katika neno moja, nalo ni amana.

Jambo la kwanza ni kipimo cha haki. Wakulima wetu wanaijua lumbesa. Mnunuzi huja na gunia, likijaa hushonewa kilemba juu yake, kisha hulipa bei ya gunia moja naye amechukua moja na nusu. Serikali imeipiga vita lumbesa miaka mingi kwa sababu ni wizi wa kipimo. Kifurushi cha simu chataka kutazamwa kwa jicho hilo hilo. Mtu hununua dakika na intaneti za wiki. Hazioni, hazishiki, hana mizani. Siku ya tatu huambiwa kuwa zimekwisha. Labda kweli amezitumia, kwani simu za siku hizi hula intaneti hata zikiwa mfukoni. Labda sivyo. Mteja hana njia ya kujua, na asiyejua hudhani mabaya. 

Malalamiko haya yalifika mbali. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ndiyo TCRA, ilitoa masharti mapya ya vifurushi, miongoni mwake kuwa mteja aarifiwe matumizi yake yafikapo asilimia 75 na yafikapo asilimia 100. Tarehe 2 Aprili mwaka huo, siku ya kuanza kwa utaratibu huo mpya, watu waliamka wakakuta bei zimepanda. Kelele zikawa nyingi, hata Serikali ikazisimamisha bei hizo mpya. Tazameni basi: jambo lililokusudiwa kumlinda mteja liligeuka kuwa sababu ya hasira, kwa kuwa hakuna aliyemweleza mapema kwa lugha yake ni nini kinabadilika na kwa nini. Kampuni itakayomwonyesha mteja hesabu yake kama mwenye duka mwaminifu aonyeshavyo daftari, kwamba saa hii ulitumia kiasi hiki kwa kazi hii, haitahitaji kuimba redioni. Wateja wataiimbia.

Jambo la pili ni fedha. Wengi hawajui kuwa fedha iliyomo katika simu haimo katika simu. Salio unaloliona ni maandishi tu. Fedha yenyewe yapaswa kuwekwa benki katika akaunti maalumu iitwayo akaunti ya amana, isichanganywe na mali ya kampuni, ili kampuni ikifilisika fedha za wateja zisiende na madeni yake. Benki Kuu ndiyo isimamiayo jambo hili, na sheria ya mifumo ya malipo ilitungwa mwaka 2015. Fedha hizo zikilala benki huzaa faida. Ni ya nani? Mwaka 2014 Tigo Pesa iliwagawia wateja wake zaidi ya shilingi bilioni 14 zilizotokana na akaunti hiyo, na tendo hilo lilisifiwa hata nje ya nchi. Kwa nyumba zetu jambo hili lina upande wa pili, maana faida ya benki ya kawaida huleta suala la riba, nalo si la kuamuliwa katika safu hii. Msomaji na alipeleke kwa mwanachuoni wake. Tunalolisema hapa ni kuwa kampuni ilikiri mbele ya watu kwamba mali ile ina wenyewe. Kukiri huko kulijenga jina.

Vile vile mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana mteja wa huyu aweze kumtumia fedha mteja wa yule moja kwa moja katika simu yake, na mwaka 2016 Vodacom ikaingia katika mapatano hayo. Tanzania ilitangulia nchi nyingi katika jambo hili. Wapinzani wa soko walikaa pamoja wakampunguzia mteja taabu. Ni wangapi kati yetu wanaolikumbuka? Wachache, kwani jambo jema likifanyika huzoeleka kama maji ya kisima. Hata hivyo halikupotea. Ndilo linalomfanya mzee asiyejua kusoma amwambie wakala bila hofu, “Mwanangu, mtumie yule.”

Juu ya makato twaongeza neno. Mwezi Julai 2021 Serikali iliweka tozo katika miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala, na mwezi Septemba ikaipunguza kwa asilimia 30 baada ya wananchi kulalamika. Katika miezi ile watu wengi walizilaumu kampuni kwa fedha ambayo haikuwa yao. Kampuni ingejikinga kwa jambo jepesi: katika kila ujumbe wa muamala iandikwe wazi, kwa maneno ya Kiswahili yanayofahamika na mama wa sokoni, hiki ni chetu na hiki ni cha Serikali. Mtu hakasirikii sana bei aliyoijua kabla. Hukasirikia kukatwa gizani.

Jambo la tatu ni siri, na hili ndilo zito kuliko yote. Simu yako yajua uko wapi, umezungumza na nani, saa ngapi, na mara ngapi. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao muda wake wa mwisho ulikuwa tarehe 20 Januari 2020, kila laini halali yajulikana mwenyewe. Ulikuwa na sababu yake, nayo ni kuzuia wahalifu. Lakini kadiri mtu anavyojua siri zako zaidi, ndivyo anavyopaswa kuwa na kifua zaidi.

Mwezi Septemba 2024 magazeti ya Uingereza yaliandika habari ya kesi iliyokuwa katika baraza la kazi huko London. Mtu aliyekuwa mpelelezi wa ndani wa Millicom alidai kuwa mwaka 2017 Tigo iliwapa watu wa Serikali taarifa za simu za mwanasiasa Tundu Lissu, ambaye alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba mwaka huo akaponea chupuchupu. Madai si hukumu, nasi hatumhukumu mtu kwa habari ya gazeti. Wala hatusemi kuwa mlinzi wa sheria asipewe kitu anapomtafuta mwizi kwa hati halali. Twasema tu kuwa habari kama hiyo ikimfikia mtu wa kawaida, humwingia hofu: ikiwa mkubwa yule siri yake haikuwa na mlango, yangu mimi ina nini? Hofu hiyo haiondolewi kwa rangi mpya ya duka.

Yaondolewa na nini? Tunao mfano. Mwezi Juni 2014 Vodafone ya Uingereza, iliyo na uhusiano na Vodacom yetu, ilichapisha taarifa juu ya nchi 29 inazofanya kazi, ikieleza serikali za nchi hizo zimeomba taarifa za wateja mara ngapi na kwa sheria gani, pale ambapo sheria iliruhusu kusema. Kwa Tanzania ilitaja maombi 98,765 ya taarifa za mawasiliano kwa mwaka mmoja. Hesabu hiyo iliwashtua watu, na ilistahili kuwashtua. Lakini kampuni haikufa kwa kusema kweli, ilisifiwa. Mteja alijua angalau kuwa pana daftari, na kuwa maombi huhesabiwa. Kila kampuni ya simu nchini ingefanya hivyo kila mwaka, kwa Kiswahili, ingefanya kwa jina lake kazi isiyofanywa na matangazo elfu.

Sheria nayo imekuja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Vijana wetu waijue, kwani wao ndio wenye kuingiza programu katika simu bila kusoma. Wako waliokopa kwa programu za mikopo ya haraka, wakairuhusu programu kusoma majina yote yaliyomo katika simu. Walipochelewa kulipa, wakwe zao, walimu wao na majirani zao walitumiwa ujumbe wa kuwaaibisha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilizitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, ikawaonya wananchi. Kampuni ya simu isiseme kuwa programu si zake. Barabara ni yake, na mwenye barabara akiona wanyang'anyi wanaizoea, husema.

Jambo la nne ni kumpokea aliyeumia. Ni nani asiyeujua ujumbe ule usemao, “Ile pesa nitumie kwenye namba hii”? Umekuwa mzaha kwa vijana, lakini si mzaha kwa bibi aliyekuwa akingoja namba ya mjukuu wake, akatuma fedha ya mbolea kwa tapeli. Bibi huyo hukimbilia kwa wakala. Wakala humwambia piga simu. Akipiga, husikia muziki, kisha sauti ya mashine ikimtaka abonyeze moja, abonyeze mbili, na wakati huo tapeli amekwisha kutoa fedha na kutupa laini. Siku hiyo kampuni imepoteza ukoo mzima, maana huku Uluguru khabari ya bibi haikai nyumbani mwake. Hushuka nayo sokoni na kupanda nayo mlimani.

Njia za kusaidia zipo. Namba ya tapeli yaweza kuripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Kila mtu aweza kubonyeza *106# akaona ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, kwani wako walioweka kidole kwa msajili asiye mwaminifu mara mbili na tatu, na laini ya pili ikaenda kwa mwizi. Lakini kampuni ifanye lililo zaidi: iweke mtu, si mashine, kwa ajili ya kilio hiki, fedha izuiwe mara moja pale inapowezekana, na mteja apewe jibu hata kama jibu ni kuwa fedha haikupatikana. Mwenye msiba hupoa akipokelewa. Akifungiwa mlango, huongeza msiba juu ya msiba.

Tena asisahauliwe wakala. Kampuni kubwa ina jengo refu Dar es Salaam, lakini kwa mtu wa Mzinga kampuni ni yule kijana aliyeketi chini ya mwavuli na kijimeza chake. Akiwa mchangamfu, kampuni ni nzuri. Akiwa mjeuri, kampuni ni mbaya. Kijana huyo huishi kwa kamisheni, na hasara ya noti bandia au ya tapeli mara nyingi humwangukia yeye. Asiyetendewa haki atatendaje haki? Kampuni itakayo uso mzuri na iutunze kwanza uso huo uliopo kijiweni.

Jambo la tano ni kukiri na kurekebisha. Mwaka 2016 Samsung ya Korea Kusini ilitoa simu iliyoitwa Galaxy Note 7. Baadhi zikaanza kuwaka moto mikononi na vitandani mwa watu. Kampuni ikaitisha simu zipatazo milioni 2.5 zirudishwe. Ikatoa nyingine badala yake, nazo zikawaka. Mwezi Oktoba ikaacha kabisa kuitengeneza simu ile, ikala hasara kubwa mno. Kisha Januari 2017 wakubwa wake walisimama mbele ya ulimwengu wakaeleza kosa lilikuwa wapi. Walisema wahandisi wapatao 700 walizijaribu simu 200,000 na betri 30,000, wakaona kuwa betri za wauzaji wawili zilikuwa na kasoro, kila moja kasoro yake. Wakaomba radhi, wakaonyesha namna watakavyozipima betri tangu siku hiyo. Mwaka huo huo walitoa simu nyingine, na watu wakainunua. Kosa lile lingefichwa, kila simu ya Samsung ingetazamwa kama kaa la moto. Lililowaponya ni mambo matatu pamoja: walirudisha mali, walisema kweli, na walibadili kazi yao. Radhi bila ya mawili yaliyobaki ni upepo.

Katika kukiri mna na kusikiliza. Waislamu wengi wa Kenya walikuwa wakiiepuka mikopo ya simu kwa sababu ya riba. Mwaka 2023 Safaricom pamoja na Gulf African Bank wakaanzisha huduma iitwayo Halal Pesa, iliyokusudiwa kufuata sharia. Hatuitangazi, wala hatutoi fatwa juu yake. Twaitaja kwa kuwa ni alama ya kampuni kuuliza: kwa nini watu hawa hawaji kwetu? Suala hilo moja lina thamani kuliko mabango mia.

Sasa atasema mtu: “Mwalimu, kampuni hutafuta faida, jina letu halina habari nalo.” Twasema kuwa ni kweli hutafuta faida, na kwa sababu hiyo hiyo yapasa ijali. Mwezi Machi 2017 Tanzania ilianza utaratibu wa mtu kuhama mtandao na namba yake. Leo asiyeridhika aweza kuondoka bila kuwasumbua jamaa zake kwa namba mpya. Mwaka huo huo Vodacom Tanzania iliuza asilimia 25 ya hisa zake kwa shilingi 850 kila hisa, ikapata shilingi bilioni 476, na tarehe 15 Agosti ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Basi wako wananchi walio wateja wa kampuni na wenye kampuni kwa wakati mmoja. Mtu wa namna hiyo akiulizia jina la kampuni, auliza mali yake.

Wala kazi si ya kampuni peke yake. Jina jema la mwenye amana hutegemea pia mwenye mali anayeuliza. Ewe baba, ewe mama, ukikatwa fedha usizozijua, usiishie kulalamika barazani. Hifadhi ujumbe, andika siku na saa, peleka lalamiko kwa kampuni, na usipojibiwa peleka TCRA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililowekwa kwa ajili yako. Nawe kijana, usimpe mtu namba yako ya siri, hata akijiita mkubwa wa kampuni, na umfundishe bibi yako hayo kwa upole. Tena usieneze juu ya kampuni habari usiyoihakikisha, kwani kumzulia mwenye mali ni dhuluma kama vile mwenye mali kukudhulumu wewe.

Kwa wakubwa wa kampuni hizi, iwapo ukurasa huu utawafikia, neno letu ni fupi. Nyumba zetu zimewakabidhi fedha, siri na wazee wetu. Pimeni kwa haki, andikeni hesabu wazi, fungeni midomo juu ya siri, mpokeeni aliyeumia, na mkikosea semeni. Mkifanya hayo, mtoto wa Mzinga atawataja kwa wema hata duka likiwa halijapakwa chokaa.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutasema juu ya watoto na simu usiku, na saa ambayo yafaa izimwe.